Watoto Wenu Watakapouliza

Somo: Yoshua 4:1–9 na 19–24



Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe mtoni Yordani na kusimamishwa Gilgali. Sababu yake ilikuwa hii: siku moja mtoto atauliza maana yake, na mzee sharti ajibu. Likizo ya Juni jambo hilo lilinipata mimi.

Tulikwenda Unguja, mimi, mwanangu na mkewe, na mjukuu wangu wa miaka tisa. Tulitoka Masasi kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha tukapanda meli. Tulipanga vyumba kijijini Jambiani kwa mzee mmoja mvuvi, Mwislamu. Mtoto hakuwa amepata kuona bahari. Aliuliza mbona asubuhi maji yako karibu na mlango, na mchana yamekwenda mbali hata akina mama wanatembea kwa miguu kwenda kwenye mwani wao. Nilifurahi sana. Nikamchorea mchangani dunia na mwezi, nikamweleza jinsi maji yanavyojaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kama dakika 50 kila siku. Mwalimu mstaafu alikuwa amepata darasa tena.

Siku ya tatu tulikwenda mjini, Mkunazini, kuliona Kanisa Kuu la Kristo. Jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa Juni mwaka huohuo. Nje ziko sanamu za watu waliosimama shimoni, minyororo shingoni. Mtoto akauliza, "Babu, nani aliwauza?"

Watu walikuwa wakisikiliza. Nikajibu upesi, "Waarabu," nikamshika mkono tukaingia ndani. Nikamwonyesha msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Jioni mwenyeji wetu alituletea madafu. Mtoto akajificha nyuma ya mama yake. Hakuamkia, wala hakunywa. Yule mzee alicheka, akidhani mtoto amechoka. Mimi sikucheka, maana nilijua ni nani aliyemfundisha.

Usiku nilimketisha barazani nikamwambia yote. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliuza watu, hilo ni kweli. Wafaransa nao walinunua, kwa ajili ya mashamba yao ya visiwani. Huko bara, watu weusi kama sisi waliwavamia jirani zao, wakawauza kwa nguo na bunduki. Hata chama kimoja cha Kanisa la Uingereza, katika karne ya 18, kilikuwa na mashamba ya miwa yenye watumwa kisiwani Barbados. Tena mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliookolewa utumwani, akawaweka Masasi, na kwa hao Kanisa letu likaanza.

Mtoto akanyamaza kitambo. "Basi sisi tuliuzwa, na sisi tuliuza?"

"Ndiyo."

"Na babu wa hapa?"

"Huyo hakumuuza mtu. Ametuletea madafu."

Asubuhi nilimsikia uani: "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Wakaenda pamoja kutazama ngalawa.

Ndugu zangu, tunapowapeleka watoto wetu matembezini huwa tunafikiria nauli, chakula na nguo za kuogelea. Tufikirie pia maswali yao. Jibu la nusu huonekana jepesi kwa mzee, lakini mtoto hulibeba, na mzigo wake humwangukia jirani asiye na kosa. Mawe ya Gilgali yaliwekwa ili kweli isimuliwe, na kweli yetu ina wema wa Mungu na dhambi ya watu pamoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni swali gani la mtoto uliwahi kulikwepa? Kwa nini?

2. Je, kuna watu ambao watoto wetu wanawaogopa kwa sababu ya maneno yetu?

3. Ukoo wako una habari gani ambayo watoto hawajasimuliwa?