Mwanafunzi wa Utabibu Akitazama Simu Wodini, Anatafuta Nini?

Wakazi wanaofika katika hospitali za kaunti huwakuta wanafunzi wa udaktari, uuguzi na utabibu wakiwa katika mafunzo ya vitendo. Mara nyingi mmoja wao huonekana ameinamia simu kando ya kitanda, na jamaa wa mgonjwa huanza kunung'unika: huyu anachati huku mtoto wetu ana homa? Huenda anachati kweli. Lakini simu hiyo ina kazi nyingine ambazo ni vyema mkazi azijue.

Ya kwanza ni kipimo cha dawa. Wizara ya Afya ina mwongozo wa matibabu ya watoto hadi umri wa miaka 5, na unaweza kusomwa kwenye simu. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa uzani wake: mtoto wa kilo 6 na wa kilo 12 hawapewi kiasi sawa, hata wakiugua ugonjwa mmoja. Heri anayetazama jedwali kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano kuliko anayekisia.

Zito zaidi ni suala la mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mhudumu ana takriban dakika moja ya kumkausha, kumpa joto, kuhakikisha njia ya hewa iko wazi na, asipopumua, kuanza kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima bila kumwona mtoto kama huyo, kisha akakutana naye usiku wa manane akiwa zamu. Ndiyo sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wa mpango wa KEMRI-Wellcome hapa nchini walitengeneza LIFE, mchezo wa simu unaomweka mhudumu katika hospitali ya kuigiza na kumtaka aamue hatua moja baada ya nyingine. Akikosea, huelezwa na kujaribu tena. Hata hivyo, kugusa kioo hakufundishi mkono kuibana barakoa isivuje hewa. Hilo hufunzwa kwa mwanasesere, mwalimu akitazama.

Kuhusu picha za vidonda au eksirei, wakazi wawe macho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mgonjwa anaweza kuuliza picha ni ya nini na nani ataiona, na anaweza kukataa. Kukataa hakumnyimi matibabu. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Picha ikisambazwa bila idhini, malalamishi hupelekwa kwa msimamizi wa hospitali au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.