Orodha katika Tungo za Kishujaa: Kutoka Merikebu za Homer hadi Nasaba za Usumbwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza nafasi ya orodha za majina katika tungo za kishujaa na masimulizi ya kihistoria. Wasomaji wengi huziruka orodha hizo, na mhariri huvutika kuzifupisha kwa kuziona kuwa ni marudio yasiyoendeleza kisa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba orodha ni hati ya madai: anayetajwa hupata haki, na anayeachwa huweza kuikosa.

2.0 Merikebu za Wagiriki

Katika kitabu cha pili cha Iliad, Homer anayataja makundi 29 yaliyokwenda kupigana Troy, pamoja na viongozi, miji na merikebu zao, ambazo jumla yake ni 1,186. Agamemnon ana 100, Nestor 90, Odysseus 12. Kabla ya kuanza, mtunzi anawaomba mabinti wa Zeus wanaosimamia utunzi wamkumbushe, na anakiri kuwa umati wa askari hawezi kuutaja. Orodha, basi, inawahifadhi wakubwa tu.

Uzito wake ulidhihirika baadaye, Athens na Megara zilipogombea kisiwa cha Salamis. Strabo na Plutarch wanaeleza kwamba upande wa Athens ulitumia kama ushahidi mstari unaoziweka merikebu 12 za Ajax wa Salamis kando ya majeshi ya Athens. Palikuwa na madai kwamba Solon ndiye aliyeuchomeka.

3.0 Pwani ya Waswahili

Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unawataja kwa majina masahaba wa Mtume katika vita dhidi ya Herekali. Habari za Pate nazo zinaorodhesha masultani wa ukoo wa Nabhani, lakini nakala zake hazipatani kila mahali. Tofauti hizo si makosa ya wanakili peke yake. Huweza pia kuonyesha ni nani alikuwa na haja ya kutajwa.

4.0 Ushirombo na Usumbwa

Bara nako orodha imefanya kazi hiyohiyo. Msiri, mwana wa mfanyabiashara Kalasa, alitoka Usumbwa akaanzisha dola ya Garenganze huko Katanga. Aliuawa mwaka 1891, lakini Wayeke wa Bunkeya wameendelea kuitaja Usumbwa kuwa chimbuko la nasaba yao. Mwaka huohuo Mapadre Weupe walifungua misheni Ushirombo, na kalamu ikaanza kuishi pamoja na kumbukumbu ya mdomo. Chini ya Waingereza, waliotawala kupitia watemi, kutaja watangulizi kwa mfuatano kulikuwa hoja ya kudai kiti. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, nasaba hazikufutika.

5.0 Hitimisho

Mtafiti anayerekodi masimulizi Ushirombo hana budi kuiandika orodha nzima, kwa mfuatano uleule aliousikia, bila kuirekebisha ilingane na orodha nyingine. Aeleze pia msimulizi ni wa ukoo gani na nani walikuwapo akisimulia. Hatimaye aulize ni nani hawakutajwa: wanawake, wapagazi, watumwa. Akiikata orodha ili kisa kiende mbio, atakuwa ameuondoa ushahidi ambao kisa chenyewe kiliutegemea.