MAFUTA YA TRANSFO YANAZEEKA



Hapa Baraka na kule Fizi wengi wetu tumezoea umeme wa jua na wa genereta. Lakini tukisafiri mpaka Uvira, tunaona nyaya za umeme unaotoka mto Ruzizi, pamoja na masanduku ya chuma yanayonguruma. Hizo ndizo transfo. Ndani yake mna mafuta. Si mawese wala mazuti, bali kwa kawaida ni mafuta ya petroli yaliyosafishwa sana. Leo tujifunze namna yanavyozeeka na namna ya kuyapima kabla hayajaleta hasara.

KAZI YAKE. Ndani ya transfo kuna nyaya za shaba zilizofungwa karatasi. Mafuta yanazuia umeme usiruke mahali pasipotakiwa, tena yanachukua joto na kulitoa nje.

ADUI ZAKE ni watatu: joto, hewa na maji. Hewa ikikutana na mafuta ya moto inazaa asidi, kisha tope. Tope linaziba njia za kupozea, joto linazidi, na uzee unaenda mbio. Maji nayo yanaingia kwa sababu transfo inapumua: ikipoa inavuta hewa yenye unyevu. Njo maana wanaiwekea chupa ya chembe za kukausha hewa. Kuna aina ya bluu ambayo ikishiba maji inageuka rangi ya waridi. Fundi akiona hivyo, abadilishe.

NAMNA YA KUPIMA:
1. Kutazama. Mafuta mapya ni meupe au ya njano kidogo. Yakiwa ya kahawia, yamechoka.
2. Kupima nguvu. Vyuma viwili vinatumbukizwa katika mafuta, vikiachana milimita 2.5, na umeme unaongezwa mpaka cheche iruke. Mafuta mapya yanapaswa kuvumilia volti 30,000, na yakikaushwa vizuri, 70,000.
3. Kupima asidi na maji.
4. Kupima gesi zilizoyeyuka. Asetileni inaonyesha kwamba cheche kali zinaruka ndani. Ethileni inaonyesha joto la kupita kiasi. Ni kama daktari anavyopima damu bila kumpasua mgonjwa.

Mafuta yanaweza kusafishwa au kubadilishwa. Karatasi iliyooza hairudi. Karatasi ya kawaida, pale penye joto kuliko pote, ikipita digrii 98, kila digrii 6 za juu zinaongeza mwendo wa kuzeeka mara mbili. Kwa digrii 110 tunapata 2 × 2 = 4. Mwaka mmoja unakula miaka minne!

ONYO. Mwaka 2014 iliripotiwa kwamba huko Kenya wezi walikuwa wanatoa mafuta katika transfo, na mengine yaliuzwa kwa kukaangia vyakula. Hayo ni maovu mawili: mtaa unabaki gizani na mlaji anakula sumu. Tena transfo nyingine za zamani zina PCB, sumu inayoleta kansa, na kwa macho hauwezi kuitambua. Huko Japani, mwaka 1968, PCB ilivuja kiwandani ikaingia katika mafuta ya kupikia, na watu zaidi ya 1,000 waliugua. Kwa mkataba wa Stockholm wa 2001, mataifa yalikubaliana kuacha kutumia vyombo vyenye PCB ifikapo 2025.

Basi ndugu zetu, mtu akileta mafuta ya transfo ya bei rahisi, tusiyapikie, tusijipake, wala tusiyatie kwenye kidonda. Tuwaambie na mama zetu sokoni. Wale mabikira wenye busara waliangalia mafuta yao mapema, si usiku wa manane. Na sisi tufanye vile.

MASWALI: (1) Taja adui watatu wa mafuta. (2) Kwa digrii 116 karatasi inazeeka mara ngapi zaidi kuliko kwa 98? (3) Kwa nini kutazama rangi peke yake hakutoshi?