Kwa nini unasinzia darasani?

Mwalimu anafundisha, wewe kichwa kinaangukia daftari. Wenzako wanacheka, unaitwa mvivu. Je, kweli ni uvivu? Huenda sivyo! Ukibalehe, melatonini, yaani homoni ya usingizi, huchelewa kutoka usiku. Ndiyo maana usingizi hauji mapema. Lakini kengele ya shule haingoji. Ukilala saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, umepata masaa 6 tu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Usikeshe kwa ajili ya mtihani: ukilala, ubongo unahifadhi ulichosoma. Ongea na wazazi, kazi za jioni mgawane na kaka na dada. Zima simu mapema, saa 3 uwe kitandani. Jaribu!