Kolesteroli ikichacha, mshipa husahau kulegea

Daktari akikuambia una kolesteroli nyingi, pengine utawaza bomba la maji lililozibwa na uchafu. Lakini mshipa wa damu si bomba. Ukuta wake una misuli inayokaza na kulegea kutwa kucha. Unapopanda ngazi, mishipa ya moyo hulegea ili damu ipite kwa wingi.

Ni nini huiamuru ilegee? Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki wa Marekani walitumia vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Vilipotiwa kemikali iitwayo asetilikolini, vililegea. Utando mwembamba wa ndani ulipokwaruzwa, havikulegea tena. Kemikali ile ile ilivikaza! Baadaye ilibainika kwamba utando huo hutoa gesi ya nitriki oksaidi, ndiyo inayolegeza misuli. Kwa uvumbuzi kuhusu gesi hii Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Kolesteroli inaingiaje hapa? Husafiri katika damu ikiwa ndani ya vichembe, na vile vya aina ya LDL ndivyo huitwa vibaya. Vikizidi, hupenya utando na kukwama ukutani, kisha huchacha, karibu kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi. Vichembe vilivyochacha huufanya utando utoe gesi kidogo, na hata hiyo kidogo huharibiwa kabla ya kufikia misuli. Seli nyeupe za damu huvimeza hadi zikajaa mafuta, na hapo uvimbe wa kuziba mshipa huanza. Ila uwezo wa kulegea hupungua mapema, mgonjwa akiwa bado hahisi lolote. Moshi wa sigara huharakisha madhara haya.

Basi si tumeze vitamini za kuzuia kuchacha? Wengi walidhani hivyo. Huko Uingereza watu 20,536 walifuatiliwa kwa miaka mitano, nusu yao wakipewa vitamini E, C na beta-karotini kila siku. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa vidonge hivyo havikuwakinga na ugonjwa wa moyo. Katika utafiti huo huo, simvastatini, dawa ya kupunguza LDL, ilipunguza mashambulizi ya moyo na kiharusi kwa karibu robo.

Kwa hivyo usiache dawa ya daktari ili ununue vitamini. Ukipimwa damu, msomaji, usiridhike na jumla ya kolesteroli. Uliza pia kiwango cha LDL.