Ushauri: Makala Moja Nitoze Shilingi Ngapi?

Anti, nina miaka 27, naishi Morogoro, na naandika makala kwa kujitegemea. Mteja wangu mkubwa yuko Dar es Salaam. Hunilipa shilingi 20,000 kwa makala ya maneno 1,000, na kila moja hurudi mara tatu au nne kwa marekebisho. Nikiomba kuongezewa, hunijibu kwamba waandishi wapo wengi. Nipange bei gani bila kumpoteza?
Kalamu Kavu

Mwanangu, waandishi wapo wengi kweli, lakini hiyo ni hesabu ya mteja. Wewe bado hujapiga yako.

Anza na mwezi wako, maneno yatafuata. Orodhesha kodi ya nyumba, chakula, umeme, bando, nauli, cha kutuma nyumbani na akiba. Tuseme jumla ni 720,000. Sasa toa siku za kusaka wateja, kudai malipo na kuugua. Tuseme za kuandika zinabaki 12. Basi kila siku ya kuandika lazima iingize 60,000. Makala ya kuhoji watu na kupekua nyaraka ikila siku moja na nusu, bei yake ni 90,000, iwe na maneno 1,000 au 700, maana kufupisha nako ni kazi. Kutoza kwa neno kunafaa zaidi kwenye tafsiri, ambako matini yako mezani tayari.

Hiyo 90,000 ni kima cha chini. Benki au shirika kubwa watajie zaidi. Kampuni ikikukata kodi ya zuio ya asilimia 5, mkononi itafika 85,500; dai hati ya makato, kwani makato hayo huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka kule TRA.

Kinachokumaliza zaidi ni marekebisho yasiyo na kikomo. Kabla ya kuanza kazi, andikianeni, hata kwa WhatsApp: urefu wa makala, marekebisho mara mbili, kianzio nusu, na tarehe ya kumalizia malipo. Awamu ya tatu ilipiwe. Akibadilisha mada, hiyo ni kazi mpya.

Mteja wako mpe taarifa mapema kwamba kuanzia mwezi ujao bei inabadilika. Akisema ana 40,000 tu, usibishane naye na usinung'unike. Mwambie 40,000 inapata makala fupi, isiyo na mahojiano, yenye marekebisho mara moja. Bei ikishuka, kazi nayo ishuke. Ukimpa makala ileile kwa bei pungufu, umemthibitishia kwamba bei ile ya kwanza uliibuni tu.

Ila usimpelekee ujumbe huo kabla hujapata mteja wa pili, hata mdogo. Anayekulisha peke yake ndiye atakayekupangia bei.