Dondoo Muhimu: Linda macho yako ufukweni

Mchanga wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni mweupe kama unga, na weupe huo hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno (UV). Povu la mawimbi hurudisha asilimia 25 hivi. Kofia pana ni lazima, lakini haitoshi, maana jua linakupata pia kutoka chini.

Vaa miwani yenye alama ya UV400, tena pana, inayokinga na pembeni. Weusi wa kioo usikudanganye! Kioo cheusi kisicho na kinga huweza kudhuru kuliko kutovaa miwani kabisa: kiza chake hupanua mboni, na miale huingia kwa wingi. Kama una shaka na miwani uliyouziwa barabarani, ipeleke duka la miwani wakupimie. Watoto nao wavalishwe. Macho yao hupitisha miale mingi kuliko ya watu wazima.

Unayevaa lenzi za machoni, zivue kabla ya kuogelea.

Unaendelea na safari hadi kilele cha Kilimanjaro? Miwani hiyo ibebe: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno.

Macho yakichoma jioni kana kwamba yameingia mchanga, yameungua. Usiyafikiche. Kaa penye kivuli, weka kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa. Usitie maziwa ya mama wala dawa ya kuazima. Yasipotulia ndani ya siku mbili, au ukianza kuona ukungu, nenda kwa daktari wa macho mara moja.